Mgomba Anaoujua Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu zote, za waliokaa na za waliolala. Habari za kazi, na yale magoti yako yanasemaje? Sisi tunaendelea. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ule mto uliotuma ndio Baba anaoulalia, mingine anaisukuma chini.

Kwa heshima na taadhima napenda kukutangazia kwamba, baada ya uchunguzi wa kina ulioshirikisha mtaa mzima, imethibitika pasipo shaka yoyote kwamba hatujui ule mgomba wa nyuma ya jiko ni wa aina gani.

Baba aliupanda mwenyewe, kabla hajapooza upande na ulimi kumgomea. Alikuja na mche begani, tukamwuliza ni ndizi gani, akasema tutaona utakapozaa. Sasa umezaa, na mwenye siri yake hasemi.

Mimi unanijua, mgomba kwangu ni mgomba. Niliuendea na panga kwa sababu majani yake yalikuwa yanachafua nguo kwenye kamba. Baba, pale uani kwenye kiti chake, akagonga fimbo chini, akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama. Neno lilikuwa linakuja, Dada, linakuja kabisa, halafu likarudi lilikotoka. Miezi yote ya kuambiwa sema a, sema ba, hajawahi hata kutoa jasho. Nilipomsimulia muuguzi wake akasema hapohapo, mwacheni awe na kitu cha kusema ambacho hakuna mwingine anayeweza kumsemea.

Basi nikageuka bingwa wa ndizi, mimi niliyekuwa nikizijua zikiwa zimeshamenywa. Jirani yetu fundi cherehani aliapa ni mkono wa tembo. Baba akatikisa kichwa. Wifi yako akamcheka fundi, akamwuliza tembo gani huyo mwenye vidole vyembamba hivyo, hii ni mzuzu. Baba akatikisa kichwa. Mimi nikasema kisukari, akanitazama kama alivyokuwa akiyatazama matokeo yangu ya hesabu. Jioni ikifika watu wanapita na majina yao, na Baba anayakataa moja moja, na mimi nafurahi, maana kila akikataa naona ule mdomo unataka kufunguka.

Mwisho nikamwita bwana shamba. Akalizunguka shina, akapapasa kikonyo cha jani, akauliza ua liko wapi, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimelikata ili ndizi zinenepe, kama wanavyofanya wakulima wenye akili. Akashusha pumzi. Akasema, ndugu yangu, umeniletea mtu asiye na uso halafu unaniuliza ni nani. Akatushauri tuzionje: chana moja tuchemshe, nyingine tuvundike.

Za kuchemsha zikawa gundi. Fundi akaomba za kubandikia soli ya kiatu chake. Zilizovundikwa ziliiva tamu, na uchachu kidogo mwishoni. Majirani wakajaa uani, bwana shamba naye akarudi. Wifi yako akaiponda moja kwa uma, akamlisha Baba. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba. Nikachutama mbele yake, nikamwuliza tena, kwa mara isiyo na idadi, Baba, hii inaitwaje? Akafungua mdomo, na safari hii sauti ikatoka.

Uani pakalipuka. Fundi, na ndevu zake zote, akapiga kigelegele. Bwana shamba akanikumbatia. Ndipo nilipokupigia simu kukuambia Baba amesema, ukalia, ukauliza amesema nini, nikakujibu mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima.

Alisema, "Nimechoka."

Wazi kabisa, bila kukwama. Waliokuwa nyuma hawakulisikia neno lenyewe, wakaendelea kupiga makofi, na Baba akawa anawatazama tu. Nikawashukuru watu, nikamwingiza ndani, nikamlaza. Nikamwambia sitamwuliza tena. Akanishika mkono kwa ule wake mzima, akalala. Tangu siku hiyo hajasema kitu, na majina ya ndizi tumeyaacha.

Nimekuwa nikikuandikia kwamba tunajiweza, usijisumbue na safari. Hatujiwezi, Dada. Wifi yako humwinua na kumwogesha, akimaliza anakaa kwenye ndoo jikoni, na mimi najifanya natafuta kitu nje ili nisimwone analia. Ndizi ilinipa mahali pa kwenda kila jioni. Neno lile lilitoka kinywani mwa Baba, lakini kabla sijanyanyua macho nilidhani nimelisema mimi.

Njoo ukae naye kidogo. Usije kumsikiliza, njoo tu utupokee zamu.

Wasalimie watoto, na shemeji mwambie sijamsahau.

Mdogo wako,
Kitumbo