Auki Nyuma ya Boya

Barabara ya Ufukweni,
Sheringham, Norfolk
16 Januari 1994

Mpendwa wifi yangu Muriel,

Habari za huko kwenye jua lenu la Fremantle? Natumaini mu wazima wote, na kwamba goti la Desmond limeacha kumsumbua. Sisi tunapumua. Mafua yalinikamata yakaniachia, na paa limeshikilia mpaka leo, ingawa upepo wa wiki hii umejaribu kila kigae.

Uliniuliza kama kaka yako Aubrey atazungumza tena, ukanisihi nisikufiche. Sikufichi. Tangu kiharusi kile cha Septemba, neno lililombakia ni moja tu: "Jumatatu." Chai ni Jumatatu, soksi ni Jumatatu, na akikasirika ni Jumatatu kwa sauti ya juu. Ndiyo maana haji kwenye simu ukipiga. Si kwamba hakutaki, wifi. Anaona haya.

Kuna binti mpole anayekuja kumfundisha kwa kadi za picha. Kadi ya kikombe, kadi ya paka. Siku moja akatoa kadi ya ndege, na sijui mchoraji huyo alimwona wapi ndege wa namna ile. Aubrey, aliyetazama ndege maisha yake yote, aliitazama, akaigeuza kifudifudi. Nilienda jikoni nikacheka, kisha nikalia, maana nilikuwa nimeanza kuamini kwamba basi, ndiyo hivyo tena.

Sasa Alhamisi upepo ukageuka, ukavuma kutoka kaskazini pamoja na mvua ya mawe. Wewe umezaliwa hapa, unajua upepo huo unawafanya nini hawa watazama ndege. Wenye akili wanafunga madirisha, wao wanatafuta kofia. Kabla sijamaliza kuosha vyombo, Aubrey alikuwa ameketi karibu na mlango, buti miguuni. Nilimwambia atajiua. Akaniambia Jumatatu. Nikamfunga skafu, tukashuka.

Kwenye kile kibanda cha ufukweni walikuwepo Clement Gotts, yule aliyekuwa na bucha, na Bi Pegg wa maktaba. Kona anayoketi Aubrey siku zote walikuwa wameiacha wazi majira yote haya. Clement alimtazama juu mpaka chini.

"Umechelewa, mzee. Tulidhani umeoa tena."

Aubrey akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Unanijua, miaka yote hiyo mimi hubaki garini nikifuma. Safari hii ilinibidi nisimame naye asije akaanguka, ndipo nikatazama. Wifi, sikujua. Mawimbi yalikuwa yanaruka ukuta na kumwagika barabarani, na katikati ya vurugu ile ndege wadogo wa baharini, auki, walikuwa wanapita. Ni wale wale, kama yule mliyemwokota kwenye kabichi za baba yenu baada ya dhoruba mkamweka kwenye beseni: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, unamfunika kwa viganja viwili. Wametoka huko kwenye barafu. Wimbi linainuka refu kama nyumba, kindege kinaingia chini yake, unasema kimekwisha, halafu kinatokea upande wa pili mabawa yakienda vilevile. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Nilisahau hata baridi.

Sheria yao unaikumbuka pia. Anayemwona ndege hutamka papo hapo ni ndege gani, yuko wapi na anaelekea wapi, ili wengine wasimkose. Kunyamaza ni sawa na kuiba. Clement alitaja, Bi Pegg alitaja, na pembeni kwetu kimya. Nilimwona Aubrey akifungua mdomo na kuufunga, tena na tena. Niliumia mpaka nikataka turudi nyumbani.

Mvua ya mawe ikaziba bahari yote. Wenzake wakashusha darubini, wakamimina chai. Yeye hakushusha yake. Mvua ilipoanza kupungua, mara nikasikia sauti ya mkwaruzo ubavuni kwangu.

"Auki. Nyuma ya boya. Kushoto."

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Desturi yao hairuhusu. Vikombe viliwekwa chini, darubini zote zikaelekea baharini.

"Nimempata," akasema Bi Pegg.

"Mzuri huyo, Aubrey," akasema Clement, jicho bado kwenye darubini, ila sauti yake haikuwa ya kila siku.

Kisha Aubrey akaninyooshea kikombe, akasema Jumatatu. Nikammiminia chai, nusu yake ikaishia kwenye buti zake.

Wakati wa kuondoka Clement aliniuliza kama na mimi nilimwona auki yule. Nikajibu kwamba nilimwona. Wewe nakwambia ukweli: kibanda kizima kilimwona ndege yule isipokuwa mimi. Nilikuwa namtazama kaka yako.

Msalimie sana Desmond, na Rowena na wanawe. Bi Pegg naye anakusalimu. Mungu awatunze huko mliko, na atuachie na sisi jua kidogo.

Jumapili piga simu. Nitamweka kwenye dirisha linalotazama bahari, simu mkononi. Usimuulize hali yake. Muulize ni ndege gani anayepita.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata vidole vikiganda,
Thirza