Zamu Aliyeita Watu Wasioko

Jumatatu, 10/3

Kichwa kinauma. Swaumu, joto, na hii programu! Inatakiwa ivute mafaili ya dawa kutoka dépôts kumi na mbili, stoo zetu, zote mara moja. Miji ya Ngozi, Rumonge, Gitega, kila pahali. Chef Térence anasema Ijumaa wateja wanakuja kuiona. Ikitembea, nasaini contrat ya kazi. Isipotembea, asante, kwaheri, essai, majaribio yangu, imeisha.

Mwanzo niliandika ikizunguka na kuuliza kila connexion: uko na kitu? We je, uko na kitu? Upuuzi. Nani anatoka nyumbani kila dakika kuangalia kama kuko mugeni kwa portail, pale langoni? Njo maana watu wanaweka zamu, mulinzi wa mulango! Sasa nimebadilisha. Bibliothèque, ile kodi ya wengine ninayotumia, inaniambia "angalia hii connexion", programu inalala, data ikifika inaamushwa. Sawa na papa Mugisho, zamu wetu. Mutu akigonga, anapiga kelele chini ya dirisha yangu: "Kuko mutuuu!"

Nimepata wazo. Baya. Apana, zuri!

Jumanne, 11/3

Nimemurekodi na simu, mwenyewe hajui. Sasa data ikifika, spika yangu ndogo pale dirishani inalia kwa sauti yake. Ngozi — kuko mutuuu! Rumonge — kuko mutuuu! Nimecheka mpaka machozi. Na niko kwa funga! Astaghfirullah.

Alafu Térence akashuka kutoka étage ya juu, akafungua portail yeye mwenyewe. Hakuna mutu. Akapanda. Kuko mutuuu! Akashuka tena, tumbo mbele, jasho nyuma. Mi macho kwa écran ya mashine, mutoto mwema kabisa.

Mara tano ameshuka!

Jumatano, 12/3

Mchana sauti ikakwama. Kuko mutu kuko mutu kuko mutu — bila kupumua! Nikaikata mbio. Mashine inawaka moto, inavuma. Ni connexion ya Gitega. Lakini Gitega ilishamaliza na kufunga zamani! Kumbe upande wa pili ukifunga, connexion inaonekana kila saa kama iko na kitu cha kusoma. Na bibliothèque ilishaniambia: hii acha, usiiangalie tena. Mi niliandika ile ya "angalia" tu. Ile ya "acha" nilisahau kabisa. Mistari mitatu, ikapona! Bila ule mchezo nisingejua.

Nikaruka-ruka peke yangu. Alafu nikasikia maneno kule chini. Térence anamwambia papa Mugisho: unaita watu wasioko, na leo umeita kama mwendawazimu, umekunywa. Mzee anaapa hajafungua mdomo, alisikia tu mutu anaita, hajui nani. Mulokole yule, mutu wa kanisa! Hata Fanta anainusa kwanza. Térence hasikii. Ijumaa jioni arudishe funguo, shemeji yake anatafuta kazi.

Sikucheka.

Alhamisi, 13/3

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Sikulala. Nikisema, contrat imekwenda: nani anasaini na mutu aliyemukimbiza chef kwa ngazi kama mbuzi? Nikinyamaza, mzee anarudi kwake Musaga mikono mitupu, na jina la mulevi juu yake. Gaëlle wa comptabilité, wa mahesabu, ananishauri nisaini kwanza, niongee Jumatatu. Akili gani hiyo! Jumatatu shemeji atakuwa ameshakaa pale kwa portail.

Leo papa Mugisho hakuita hata mara moja. Mugeni akija, anapanda ngazi zote na lile goti lake bovu, ananinong'onezea: "Kuko mutu, mwanangu." Anaogopa kupaza sauti! Nimeona haya mpaka nikashindwa kumuangalia.

Ijumaa, 14/3

Naandika nikiwa nimekaa kwa banc ya couloir, nje ya ofisi ya chef. Chef na wateja wako ndani.

Programu imetembea! Dépôts zote kumi na mbili, mashine baridi kabisa, wateja wanapiga makofi. Térence akanisogezea contrat na kalamu. Mi nikaangalia dirishani. Papa Mugisho alikuwa anakunja koti yake, anaiingiza kwa sachet ya plastiki.

Nikasema: chef, ngoja. Nikarudisha sauti.

Kuko mutuuu! Térence akasimama, akakimbilia dirishani, Mungu wangu, hata mbele ya wateja! Alafu akaona spika. Nikasema yote: mi njo nilimurekodi, mzee hakuita, hakunywa. Mama mumoja wa wateja alicheka mpaka akatoa miwani. Térence apana. Akaita papa Mugisho, akamusikilizisha ile sauti, akatutoa nje sisi wawili. Contrat imebaki kwa meza.

Sasa mzee amekaa pembeni yangu na sachet yake kwa magoti. Nimemuomba msamaha. Nimeomba tena. Alafu anauliza, polepole:

"Soumaya, njo sauti yangu iko hivyo?"

Hajawahi kujisikia hata siku moja. Anasema kwa chorale ya kanisa wanamusimamishaka nyuma ya wote, miaka yote amekuwa anajiuliza ju ya nini.

Nikasema ni sauti nzuri, papa.

"Mwanangu, usinidanganye mara ya pili."

Térence ameita jina langu. Ameita tena, mlango uko wazi. Papa Mugisho hajaniondolea macho. Naweka kalamu chini, nimujibu yeye kwanza —