Poda Ambayo Maku Hajamwagiwa

Shangazi Esinam mpendwa,

Nakuomba msaada, na kabla ya msaada nakuomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na nne, natengeneza shanga hapa Odumase tangu nilipokuwa msichana, na barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kumjulisha kaka yangu wa Tema kwamba mama ametutoka. Kipindi chako tunakisikiliza kila wiki, mimi na mwanagenzi wangu, redio tumeiweka juu ya jiwe la kusugulia shanga, yeye anatwanga chupa kwenye kinu na mimi nachekecha unga wa kioo, na ukianza kumkaripia mtu yeye hucheka mpaka mchi unamponyoka. Tafadhali barua hii isome Jumatano, kwa sababu Jumatano yeye hupeleka karai la shanga sokoni Agomanya, hatakuwa karibu na redio. Jina lake silitaji, nitamwita Maku.

Maku aliletwa kwangu na mama yake akiwa na miaka kumi na tano, kandambili moja nyekundu na nyingine ya buluu, shule ameshaiacha kwa sababu mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba ana kichwa cha jiwe, naye akaamini. Mama yake akasema, "Madamu, huyu vitabu vimemkataa, labda mikono." Mimi nikamuuliza mtoto mwenyewe, "Ukichungulia mle tanurini unaona rangi gani?" Akainama, akachungulia, halafu akasema, "Chungwa. Lakini kule nyuma ni kama kiini cha yai." Shangazi, mimi nilihitaji miaka miwili kukiona kile kiini cha yai, na ndilo joto lenyewe tunalolitafuta! Nikamwambia, "Kichwa cha jiwe anacho huyo mwalimu wako. Kesho uje na kitambaa cha kichwa."

Basi akaja, na akaja, na miaka ikapita kama inavyopita hapa, kwa rangi, mwezi wa chupa za kijani, mwezi wa chupa za bia, na ukipata chupa ya buluu siku hiyo ni sikukuu. Nilimfundisha kupaka vishimo vya kalibu udongo mweupe ili kioo kisigande, kujaza unga kwa kijiko, kusimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati ya kila kishimo ili ushanga ukiiva uwe na tundu. Sikumfundisha kufunga kitambaa, lakini alianza kukifunga kama mimi, fundo upande wa kushoto. Sikumfundisha kukohoa kidogo kabla ya kumtajia mteja bei, lakini siku moja nikiwa ndani nilisikia kikohozi changu nje, nikatoka kuangalia nani ananiigiza, kumbe ni yeye, wala hajui kama anakohoa. Nilirudi ndani nikakaa kitandani nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, maana wanangu wawili wa kuzaa hakuna hata mmoja aliyetaka kufanana na mimi.

Mapatano yalikuwa miaka mitatu. Huu ni wa tano, Shangazi. Shanga zake zimekuwa nzuri kuliko zangu, na hilo nalisema hapa tu. Mteja mmoja kutoka Koforidua alishika kamba yake ya buluu, akaiinua kwenye mwanga, akauliza, "Hizi za nani?" Nikajibu, "Zetu." Usiku ule sikula.

Sasa nikueleze kuhusu mchana. Mchana tanuri likishafungwa hakuna kazi, ni kungoja, na mimi hukaa kwenye kigoda nikaegemea ukuta, joto likinipapasa usoni, Maku anavuma wimbo wa kwaya akisugua shanga za jana kwenye mchanga na maji, krrr, krrr, na sauti hiyo hunichukua. Sijui kama ninalala. Naona uwanja ule ule lakini chini pote ni unga wa kioo, buluu, unang'aa, na mtu anapita juu yake bila kuacha nyayo, na huyo mtu ni Mama Lamiokor, mwalimu wangu, ambaye ni marehemu mwaka wa kumi na tisa huu. Anakuja anakaa karibu yangu. Mkono wake wa kulia ni mweupe mpaka kwenye kiwiko, nadhani alikuwa anapaka kalibu udongo. Haniulizi habari za watoto. Ananiuliza jambo moja tu, kila mara hilo hilo, "Mwanangu, mbona tanuri lako linanuka maji?" Nami nazinduka, na Maku ananiambia, "Madamu, ulikuwa unaongea. Ulikuwa unaomba samahani."

Maji, Shangazi. Hapo ndipo penye barua yangu.

Mwaka juzi mama yake Maku alikuja na chupa ya pombe ya jini na heshima zote, akauliza ni lini nitamwachia mtoto. Unajua kwetu, mwanagenzi akimaliza, mwalimu wake humsimamisha mbele ya watu akammwagia poda kichwani, akasema huyu sasa ni fundi, na bila poda hiyo hawezi kutundika kibao chake, mafundi wenzake watamwita mtoroka kazi. Nikasema, sawa, ila kwanza achome tanuri peke yake, usipasuke ushanga hata mmoja, ndipo nitamwaga. Akachoma. Rangi ilikuwa ile ile, kiini cha yai. Akatoa kalibu, akazifunika zipoe taratibu, akaenda kuninunulia kenke, lile donge la unga wa mahindi, kwa sababu nilimtuma. Nami nilikaa pale nikasikiliza nyumba yangu bila wimbo wake. Mume nilishamzika, watoto wako mbali, nikasikia jinsi patakavyokuwa kimya kila siku akiondoka. Nikanyanyuka, nikafunua kalibu zingali za moto, nikachovya vidole kwenye ndoo nikazinyunyizia maji. Tone tone tu, kama mchungaji anayebariki. Nikazifunika tena.

Aliporudi shanga zilikuwa zimepasuka zote. Alizishika moja moja. Akasema, "Ni mkono wangu, Madamu. Nimekosea mahali." Nikamwambia, "Utajaribu tena, mwanangu." Nikala lile kenke.

Nimefanya hivyo mara tatu, Shangazi. Mara ya tatu ilikuwa mwezi uliopita. Tangu hapo akijaza unga huumwaga akaanza upya, haimbi tena, na juzi aliniambia kwamba binamu yake wa Accra amempatia kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa, ataondoka mwisho wa mwezi. "Nisikupotezee muda, Madamu. Yule mwalimu alisema kweli." Alisema hivyo akiwa amejifunga kitambaa fundo upande wa kushoto.

Naomba uniambie nifanye nini, kwa sababu nikinyamaza ataondoka akiniheshimu, nami nitabaki mtu mwema machoni pake, na pengine anahitaji kuwa na mtu mmoja duniani wa kumwiga. Nikisema, nitampokonya na huyo pia. Baba yake alimkimbia, mwalimu alimtukana, alikuwa na mimi tu. Je, si afadhali aondoke na mfano mzuri, hata kama ni wa uongo?

Ni mimi,
Mwenye tanuri, Odumase

*

Mwenye tanuri, dada yangu,

Sijakucheka. Fundi mitambo wangu hapa, Teye, ambaye hula karanga kipindi kizima hata nikisoma barua za misiba, leo ameziweka chini.

Nianze na pole, kwa sababu pole unastahili. Nyumba iliyonyamaza ni kitu kizito, na hakuna anayemfundisha mtu namna ya kukaa ndani yake. Ulimpokea mtoto aliyeambiwa ni jiwe, ukamuuliza swali moja tu, akaanza kuishi. Hiyo kazi uliifanya wewe, wala simwachii mtu mwingine sifa yake. Ndiyo maana nakukasirikia hivi. Yule mwalimu wa shule alimharibu kwa neno moja akaenda zake nyumbani. Wewe ulimtengeneza kwa miaka mitatu, halafu ukakaa ukamharibu kwa vidole vyako, taratibu, na kenke ukala! Ai, mama! Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye masikini anamtafuta mdudu kwenye mkono wake mwenyewe.

Unaniuliza kama si afadhali aondoke na mfano mzuri. Mfano upi? Huyo binti anaondoka na picha yako kichwani, lakini mikono yake ameiacha kwako. Ataosha sahani za watu Accra miaka thelathini akisema, "Nilikuwa na Madamu mzuri sana, ila mimi sikufaa." Hiyo ndiyo heshima unayotaka kuilinda? Unasema anahitaji mtu wa kumwiga. Basi na amwone mtu mzima anakosa vibaya, halafu anasimama na kulitamka kosa lake kwa kinywa chake. Hilo baba yake hakumwonyesha, na mwalimu wake hakumwonyesha. Bado una kitu cha kumfundisha, na ndicho cha mwisho.

Na kijiti chako cha muhogo, wewe unakijua kuliko mimi. Kinakaa katikati ya ushanga kushika nafasi, halafu kinaungua, ili uzi upite. Kikikataa kuungua, ule ushanga utauvaa wapi?

Sasa sikiliza. Leo ni Jumatano, nimekusomea kama ulivyotaka. Maku atarudi kutoka Agomanya soko likifungwa. Mpe maji anywe, mtue karai, mwambie akae kwenye kigoda chako, wewe ukae chini. Mwambie, mara tatu, kwa maji, kwa mkono huu. Useme "mimi". Usiniletee ile ya "shetani alinipitia". Shetani hana tanuri Odumase. Usilie kwanza, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, namjua kwa barua yako tu na nina hakika atafanya hivyo. Akikasirika, mwache akasirike. Akienda kwa mama yake, usimfuate. Hasira hiyo ni yake, amechelewa kuipata miaka miwili.

Kesho, Alhamisi, achome tanuri. Wewe ukakae barabarani, mbele ya watu, mikono mapajani, mpaka shanga zipoe. Ndoo mpe jirani.

Halafu poda. Usiniambie habari za turubai na viti vya kukodi na kitambaa cha sare, hizo ni sababu nyingine za kungoja, na sababu zako nimeshazizoea. Nunua kopo moja. Mwite mama yake, waite mafundi wawili wa mtaa. Ummwagie, useme mbele yao kwamba zile za buluu zilikuwa zake. Akitaka kwenda Accra baada ya hapo, aende, lakini aende fundi. Kama hatarudi kukusalimia, utavumilia. Mimi nadhani atarudi, ila sikuahidi.

Kuhusu nyumba kuwa kimya, hiyo ni barua nyingine. Iandike, nitaijibu, na nitakuja mwenyewe kununua shanga.

Umeniandikia kwamba Mama Lamiokor anakujia na mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko, ukadhani ni udongo wa kalibu. Dada yangu, tangu lini udongo wa kalibu ukapakwa mpaka kwenye kiwiko? Hupakwa kwa kidole kimoja tu. Ile ni poda. Ni ile aliyokumwagia wewe siku yako, na nina hakika uliona hujawa tayari, na hakukuuliza.

Na neno la mwisho. Umetusikiliza kila wiki, kwa hiyo unajua kuwa kipindi cha Jumatano hurudiwa Ijumaa saa saba mchana, barua na jibu, bila kukatwa. Ndio utaratibu wa redio hii, nami siwezi kuubadilisha, wala sijaomba. Unajua pia Ijumaa Maku yuko wapi: yuko kwenye kinu, karibu na lile jiwe, anatwanga. Mtu anayetaka kujificha kweli haandikii kipindi kinachorudiwa. Nadhani ulipoifunga bahasha ulikuwa unaomba usaidiwe kusema.

Basi nimekusaidia. Una siku mbili. Ijumaa saa saba, sauti yangu itakapofika kwenye neno hili, nataka huyo binti awe ameshayasikia yote kwako, na awe bado anajikung'uta poda masikioni.