Usibonyeze Ndiyo Kabla ya Kusoma

Wendell,

Viazi na nyama viko kwenye oveni. Zoa theluji mlangoni kabla haijaganda. ~~Kompyuta usiiguse kabisa.~~ Iguse, lakini kwa adabu.

Asubuhi ulilazimisha kuingiza programu yako ya ramani za uvuvi, iliyotengenezewa toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yetu, na letu ni la zamani. Vifurushi vya programu, ambavyo hutegemeana, vikaanza kutafutana visipatane. Kompyuta ikakuuliza kama iondoe vingine ili itengemae. Nikasema soma kwanza. Ukanijibu, "Tulia Greta, ni kubonyeza tu." Ukabonyeza ndiyo, menyu na kila cha kubofya vikatoweka. Tumebaki na skrini nyeusi, na insha za wanafunzi wangu zimo humo.

Nimeshafuta ile anwani ya mtandaoni uliyoongeza ili kompyuta ichukue vifurushi vya toleo jipya. Sasa kompyuta inarudisha vifurushi vyetu vya zamani, kimoja kimoja. Ikiuliza tena, soma mpaka mwisho. Ikitaka kuondoa chochote, jibu hapana, kisha nipigie shuleni.

Kaka yako Orrin anasema tufute yote tuanze upya. Mwambie sifuti. Hata wewe nilikujibu ndiyo kanisani bila kusoma, na mpaka leo narekebisha.

Mkeo