Matundu ya Mkanda wa Katana

Jumatatu, 3 Februari
Mahamri ya kuuza yalikwisha saa mbili. Yaliyovunjika nimekula mimi, kama kawaida. Matano, na chai ya sukari nyingi.

Mchana nikaenda kuchukua majibu ya picha ya tumbo. Ini langu limejaa mafuta. Daktari akauliza kama ninakunywa pombe. Sijawahi hata kuionja. Akasema si lazima pombe. Unene, sukari na kukaa kutwa hufanya yaleyale. Likiachwa, ini hukakamaa na tumbo hujaa maji.

Katana, mdogo wangu, alikufa na tumbo la maji.

Jumanne, 4 Februari
Kazi haiendi. Namwona Katana kila ninapogeuka.

Niandike, nione haya. Mimi ndiye niliyempeleka kwa wazee wa kanisa. Nilikuwa nafagia chumba chake kule Bofu, nikakuta chupa za soda tele uvunguni. Watu huficha pombe ya mnazi kwenye chupa kama hizo. Basi nikajua ni mlevi. Hata kunusa sikunusa.

"Dada Kadzo, ni soda tu," aliniambia. "Pale langoni ninapolinda joto, nami nakaa kutwa."

Wakamtoa kwenye kwaya. Akazikwa akiitwa mlevi.

Mkanda wake ninao. Alikuwa akiutoboa kwa msumari kila tumbo lilipozidi. Leo nimeufunga. Umenifika tundu la mwisho kabisa.

Jumamosi, 22 Februari
Soda basi. Sukari basi. Chai kavu ni adhabu. Mahamri yaliyovunjika nampa jirani. Ugali kidogo, mchicha sahani nzima, samaki wa kuchemsha.

Kila jioni natembea hadi karibu na machimbo ya Bamburi na kurudi. Magoti yanauma. Wateja wananitania eti nimepata mchumba.

Nikitembea nasikia hatua nyuma yangu, nzito, za mtu mwenye tumbo. Sigeuki.

Jumapili, 16 Machi
Nimepungua kilo mbili tu. Nilitaka kuupiga mzani teke. Jana nilikula mahamri sita nimesimama jikoni, kisha nikalia.

Kanisani kwaya imeimba. Mahali pa Katana safu ya nyuma bado pana pengo.

Naiogopa picha ya pili ya tumbo, ya mwezi wa Mei. Ikiwa mbaya, nitakufa kama yeye. Ikiwa nzuri, nitajua angeweza kupona, kama mtu angemsikiliza.

Ijumaa, 23 Mei
Picha ya pili imetoka. Mafuta yamepungua sana. Daktari amesema kutembea hulisaidia ini hata mzani ukichelewa.

Nikamuuliza habari za Katana. Akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima, ila soda za kila siku na kukaa kutwa vinaweza kabisa kuliharibu ini, bila tone la pombe.

Sikufurahi. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi wakaanza kufagia.

Jumapili, 25 Mei
Baada ya ibada niliomba kusimama. Nikasema Katana hakuwa mlevi, na aliyemsingizia ni mimi.

Nje, Mama alinishika mkono. "Alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, Kadzo," akasema. "Hakunuka pombe hata siku moja."

Alijua miaka yote kuwa nilimsingizia. Na miaka yote amekula chakula changu bila kunilaumu.

Jioni nimetembea. Mkanda sasa unafunga tundu la tatu kutoka mwisho, lile alilotoboa mwaka waliomtoa kwenye kwaya. Karibu na machimbo sikusikia zile hatua nyuma yangu. Nikasimama, nikamngoja Katana kidogo. Kisha nikarudi nyumbani.