Hukuwa Umenuna

Baba,

Nimechelewa kukuandikia, na ninachotaka kusema kilitakiwa kusemwa ukiwa hai. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike Mbwara. Mimi bado nafundisha hapa Kibiti. Siku hizi kila kitu ruksa, mitumba imejaa gulioni, hadi vitabu. Nimenunua kimoja cha Kiingereza, cha wanaoanza, kinachoeleza akili ya mtu inavyofanya kazi na jinsi wataalamu wanavyojaribu kuifundisha mashine ifikiri. Ungenitania: "Zuhura, kitabu hakifukuzi nguruwe shambani." Nakisoma na kamusi, ukurasa mmoja jioni nzima.

Sura ya lugha imeniliza. Inasema mtu akipooza upande wa kulia, huenda akapoteza maneno kabisa, ashindwe hata kuomba maji. Lakini dua aliyoizoea tangu utotoni anaweza kuisoma bila kukwama.

Si ndivyo ulivyokuwa? Ulipopooza jina langu lilikushinda, ila mwalimu wa madrasa alipokuja ulisoma naye dua mwanzo hadi mwisho. Tukasema basi, ulimi anao, huyu kasusa. Mimi nikajua umeninunia kwa kumkataa yule mchumba uliyenitafutia kule Umwe. Nikasimama kando ya kitanda chako nikasema, "Nuna tu, Baba. Mimi siolewi." Ukanitazama, ukasema, "Bado, bado." Kila tulichokuuliza ulijibu hivyo hivyo, nami nikaona ni ukaidi. Nikaondoka bila kukuaga.

Kitabu kinasema wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi huelewa wanachoambiwa. Mbele kuna sura ya mashine zilizopangiwa maneno, zinajibu vizuri na hazielewi hata moja. Wewe ulikuwa kinyume chake, Baba. Ulituelewa, ukakosa cha kutujibu. Nina uchungu sijui niupeleke wapi.

Mama naye hajapona. Mpaka leo anasema, "Mume wangu kaondoka kaninunia." Unakumbuka alivyochoka kukugeuza na kukuogesha, akasema mbele yako, "Mungu auchukue mzigo huu." Alidhani umemsusa.

Kwaheri, Baba. Nisamehe, na Mola akupokee kwa upole zaidi kuliko tulivyokuuguza sisi. Ijumaa nakwenda Mbwara, nakuahidi. Nitamwambia Mama hukuwa umenuna, yalikuwa maradhi, na kitabu nitamwonyesha. Akiniuliza kama ulilielewa lile neno lake la mzigo, nitamficha, nitamwambia hapo kitabu hakisemi kitu.

Mwanao,
Zuhura