Mshahara wa Nasimiyu

Jumanne, 10 Septemba
Geti la mwalimu limekwisha, bado rangi. Stima ilipotea mchana, ikarudi jioni. Macho yanawasha. Barasa, tunayeshirikiana naye kibanda hapa Kitale, alianza kuchomelea kabla sijayafumba.

Mke wangu Nasimiyu alipiga simu kutoka Uingereza wakati wa chai. Mwezi wa nne kati ya ile sita umepita salama. Imebaki miwili. Serikali ya Uingereza inataka kuona mshahara wake umefika kiwango, mwezi hadi mwezi kwa miezi sita, ndipo imruhusu kumleta mume. Wake, si wangu. Hata nikichomelea mageti yote ya Trans-Nzoia, pesa zangu hazihesabiwi. Nililijua hilo tangu tulipooana. Bado linaniuma.

Siku za wiki anatunza wakongwe katika nyumba ya wazee. Jumamosi na Jumapili anafua shuka za hospitali. Kazi moja haitoshi. Mbili zinafika kwa shida.

Jumapili, 15 Septemba
Bokoli, kwa mama. Kanisani kila mtu aliniuliza kama bado niko nchini. Baba mdogo akasema mbele ya watu ati siku hizi mwanamke ndiye anaoa. Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Nina aibu. Ndiyo hiyo.

Nimerudi na viazi vitamu.

Alhamisi, 31 Oktoba
Kiwanda alikofulia Nasimiyu kimefungwa. Hospitali imepeleka shuka zake kwa kampuni nyingine, wafanyakazi wote wameachishwa. Ulikuwa mwezi wa sita wa hesabu, wa mwisho. Wakili amemwambia hiyo miezi sasa ni bure. Akipata kazi nyingine, miezi sita inaanza upya.

Nasimiyu hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikageuza simu asione.

Nilimwambia, "Rudi nyumbani. Hapa tutakula."

Akasema, "Wekesa, usiniambie hivyo tena. Naanza upya." Akakata. Muda wake wa mapumziko ulikuwa umeisha.

Tangu harusi tumekaa pamoja likizo mbili tu. Sijui nguvu hizo anazitoa wapi. Sijui hata kama namjua.

Jumamosi, 2 Novemba
Nimeenda Naitiri kuwaambia wakwe. Sikutaka wasikie kwa watu.

Mzee alinikaribisha sebuleni. Mama mkwe alibaki jikoni, maana kwa mila yetu mimi na yeye hatukai pamoja wala hatusalimiani kwa mkono. Nilieleza yote. Mzee alikohoa, akaongea juu ya mahindi ambayo hayajakauka. Nikaona amekata tamaa, au amenichoka.

Kisha sauti ikatoka mlango wa jikoni. "Mzee, hebu mwambie mkwe wangu hivi. Huyo mtoto nilimzaa mimi. Akisema ataanza, ataanza. Asimhurumie. Amngoje tu."

Mzee akaniambia yaleyale neno kwa neno, kana kwamba sikusikia. Nami nikamjibu mama kupitia kwa mzee. Nilisema nitangoja.

Ilikuwa sauti ya Nasimiyu kabisa.

Jumapili, 17 Novemba
Amepata kazi nyingine ya wikendi. Ameanza jana. Sikusema arudi.

Jumamosi, 18 Januari
Hii kazi mpya ni ya kuzungukia wakongwe wasioweza kutoka kitandani. Anamwosha mmoja, anamlisha, anaenda kwa mwingine. Njiani halipwi. Hayo alinieleza alipoanza, nikasema sawa, nikadhani ni kama kutoka hapa hadi sokoni.

Leo alipiga simu ya video akiwa njiani. Hapa jua lilikuwa la kuchoma. Kwake, theluji. Sikuwahi kuiona ikiwa na mtu ninayemjua ndani yake. Barabara imefunikwa, magari yamefunikwa, hakuna basi, hakuna mtu mwingine mtaa mzima. Miguu inazama hadi karibu na goti. Nilisikia pumzi yake tu, na theluji ikilia chini ya viatu.

Barasa alizima mashine akaja kuangalia. Wateja wawili nao wakasogea.

Aliteleza. Simu ikaonyesha mbingu, nyeupe tupu. Nilisimama. Akainuka akicheka, akajipangusa, akaendelea kutembea. Kisha akasema, "Nimefika. Mzee wangu hajanywa chai." Akakata, kwa sababu ndani hawaruhusiwi kupiga picha.

Barasa aliuliza, "Huyo ni mke wako, bana?"

Nikasema ndiyo.

Nikiwa shule tulipandishwa Mlima Elgon. Mawingu yalipofunguka nikaona nchi yote chini, nikashindwa kuongea hadi jioni. Leo ni hivyo. Naogopa, na si woga wa kitu kibaya. Mtu anatembea namna ile kwa ajili yangu. Mimi, wa kuchomelea mageti.

Jumatatu, 17 Machi
Nimerudi kutoka Nairobi. Mtihani wa Kiingereza wanaoutaka kwa viza nimepita. Nimepimwa kifua kikuu pia, mapafu ni safi. Sehemu yangu ndiyo hiyo. Ni ndogo sana.

Jumanne, 10 Juni
Miezi sita imekamilika, hakuna hata mmoja ulioshuka. Maombi ya viza yametumwa.

Wanataka pia kuona kwamba ndoa ni ya kweli. Picha za harusi ni chache, na katika kila moja mama mkwe amenipa mgongo. Nasimiyu amelazimika kuandika maelezo kwamba hiyo ni heshima, si ugomvi.

Hakuna la kufanya sasa. Nachomelea.

Alhamisi, 24 Julai
Kimya. Nimekosea vipimo vya dirisha mara mbili. Barasa ameniambia niende nyumbani nilale. Naogopa watakataa, na naogopa zaidi kwamba wakikataa ataniambia anaanza tena. Nami najua ataweza.

Jumatatu, 25 Agosti
Pasipoti imefika mjini kwa gari la vifurushi. Nilifungua palepale kaunta. Viza imo. Nimesoma jina langu mara nyingi, kama la mtu mwingine.

Nilimpigia. Nilidhani atapiga kelele. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akasema, polepole, "Sasa naomba nilale."

Jumapili, 14 Septemba
Niko kwake. Chumba kimoja, safi, dirisha linatazama ukuta wa matofali na mti mmoja.

Kazi ya wikendi ameiacha. Ninaruhusiwa kufanya kazi, na kesho kuna karakana inataka kuniona. Lakini hiyo ni kesho.

Ni asubuhi, saa nne imepita. Bado amelala. Jana alianza kunieleza habari za mtaa, usingizi ukamchukua katikati ya neno. Hajageuka tangu hapo. Mkono mmoja umening'inia nje ya blanketi, ngozi ya vidole imepasuka kwa maji na sabuni.

Nilitaka kumpikia chai. Jiko la huku halina moto. Ni kioo tu, na sikujua pa kubonyeza. Nimekunywa maji.

Jua limeanza kumfikia usoni. Nimevuta pazia.